Niko mwaka wa nne wa udaktari: fani ya ubingwa huchaguliwaje?

Binti wa Wete

Assalaamu alaykum wakubwa zangu na ndugu zangu nyote mnaosoma hapa.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne wa shahada ya udaktari hapa Unguja, mzaliwa wa Wete, Pemba. Nimekwishapita wodi ya watoto, ya wazazi na ya magonjwa ya ndani, na sasa nimo katika upasuaji. Nina swali ambalo kila ninayemuuliza hunijibu kwa mzaha au kwa dua, na dua nazipokea kwa mikono miwili, lakini jibu bado nalihitaji: mtu huichagua vipi fani atakayobobea, na ni wakati gani unaofaa kuanza kuchagua?

Linalonitatiza kwanza ni kwamba kila wodi ninayoingia naipenda. Nilipokuwa kwa watoto nilikuwa na hakika kwamba riziki yangu iko huko, kwa sababu daktari bingwa aliyetufundisha alikuwa hamgusi mtoto mpaka achutame macho yao yawe sawa, kisha aishike stethoskopu kiganjani hadi ipate joto, ndipo aiweke kifuani. Nikahamia magonjwa ya ndani, na mwalimu wa huko alikuwa akimtazama mgonjwa kucha na shingo tu akatueleza nusu ya maradhi yake, basi watoto nikawasahau kama kwamba sikuwahi kuwajua. Sasa nimo upasuaji na hali ni ile ile. Nimeanza kujishuku kwamba sipendi fani yoyote, nawapenda walimu.

La pili ni nyumbani, ambako wenyewe wamekwishachagua. Tangu nilipopata nafasi ya chuo majirani huniita daktari wa wanawake, na mama huniletea salamu za wajawazito wanaosubiri nimalize masomo, ilhali mimi hata kuyapapasa matumbo yao sawasawa ndio kwanza nimejifunza. Hakuna aliyeniuliza. Mimi ni mwanamke, basi nitawatibu wanawake, na mazungumzo yameishia hapo.

La tatu ni la ndani zaidi, na nalisema kwa kuwa hapa hakuna anijuaye. Ami yangu alianguka mkarafuuni nilipokuwa kidato cha pili. Tawi lilikatika chini ya mguu wake, akashukia mgongo juu ya mizizi, na wenzake, Mungu awalipe kwa nia yao, walimchukua juu ya kitanda cha kamba mpaka barabarani, wakamlaza nyuma ya gari ya abiria, mgongo ukawa unapinda kwa kila shimo la njiani. Alivushwa bahari kwenda kutibiwa. Akarudi na uhai wake, lakini miguu haikurudi. Msimu wa karafuu ukifika huwekewa mkeka barazani akachambua makonyo, na ana kasi kuliko watoto wote wa nyumba ile. Tangu hapo nina hamu ya mifupa na migongo. Nilipoitaja hamu hiyo mbele ya mwenzangu mmoja wa kiume alicheka, akasema mifupa inataka misuli.

Naomba mnifahamishe, wakubwa zangu. Je, hamu iliyozaliwa na msiba wa nyumbani ni msingi wa kuaminika? Au nitazame ni fani ipi inayokosekana visiwani niingie huko, nipende nisipende?

Mlinzi wa Pumzi

Waalaykum salaam, mdogo wangu. Mimi ni daktari wa usingizi, au wa nusukaputi kama wazee wetu wanavyoita, na huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili kazini. Nikiri mapema kwamba fani hii sikuichagua. Nilimaliza chuo nikiwa na azma ya kuwa daktari wa moyo, na azma hiyo ilidumu mpaka usiku mmoja wa utarajali wangu nilipotumwa chumba cha upasuaji kupeleka chupa mbili za damu, nikaambiwa nisiondoke, huenda nikahitajika kushika kitu.

Mgonjwa alikuwa mama wa mimba ya nne. Aliketishwa ukingoni mwa meza, akakumbatia mto, akaambiwa autunishe mgongo kama paka aliyetishwa. Sindano nyembamba ikapita baina ya pingili za kiunoni, maji maangavu yakatoka tone moja, dawa ikaingia, na baada ya dakika chache mama yule alikuwa anaulizwa majina ya wanawe huku tumbo lake linafunguliwa. Mara akasema anahisi kutapika. Mimi nilianza kutafuta bakuli. Mtaalamu wa usingizi aliyekuwa kichwani pake hakutafuta bakuli wala hakusubiri mashine isome, kwani alijua kwamba kichefuchefu katika dakika zile ndiyo salamu ya kwanza ya shinikizo la damu linaloporomoka, na nilipogeuka na bakuli langu mkono wake ulikuwa umekwishasukuma efedrini, dawa ya kulipandisha shinikizo hilo. Rangi ikarudi midomoni. Akaendelea kumuuliza mtoto wa tatu anasoma skuli gani. Nilitoka pale saa kumi alfajiri na habari ya moyo ikawa imekwisha.

Sikueleza haya ili nikuvutie huku kwetu, ingawa ukija nitafurahi. Nimeyaeleza kwa sababu kilichonishika hakikuwa tukio kubwa. Upasuaji wa kujifungua kwa sindano ya mgongo ni kazi ya kila siku, na nadhani mwanafunzi anayechagua fani hukosea pale anapotazama siku yake ya sikukuu. Upasuaji una sikukuu zake, moyo una zake, na zote zinapendeza. Wewe itazame Jumatatu yake. Mifupa, kwa mfano, hapa kwetu ni mtoto aliyevunjika kiwiko kwa kuanguka mwembeni, kijana wa pikipiki mwenye mguu uliotoboka na mchanga ndani ya jeraha, na bibi aliyeteleza msalani akavunjika nyonga. Ni plasta, ni kliniki yenye foleni hadi adhuhuri, ni kungojea vyuma na misumari ifike. Ukiweza kumtazama mtoto wa arubaini wa kiwiko kwa hamu ile ile uliyomtazama wa kwanza, basi hapo pana jambo. Ukihisi umechoka kwa wa saba, usijilazimishe kwa ajili ya operesheni moja kubwa ya mwaka.

Kuhusu misuli, mwambie mwenzako aje anitazame. Nyonga iliyochomoka hurudishwa kwa kujua upande wa kuvuta na kwa misuli ya mgonjwa iliyolegea, na kuilegeza ni kazi ya dawa yangu. Nimewaona vijana wenye mabega mapana wakivuta hadi jasho likawadondokea mgonjwa, kisha akaja mtu mdogo wa kimo aliyejua pembe.

Uliuliza pia juu ya upungufu. Tume ya jarida la tiba la Lancet kuhusu upasuaji duniani ilipendekeza mwaka 2015 kwamba kila watu 100,000 wapate angalau wataalamu 20 wa fani tatu zikijumlishwa: upasuaji, usingizi na uzazi. Sensa ya 2022 iliihesabu Pemba kuwa na watu 543,441. Piga hesabu mwenyewe, utapata zaidi ya wataalamu 108 kwa kisiwa chetu kimoja, kisha tembea Mkoani, Chake na Wete uwahesabu kwa macho. Hesabu hiyo isikupeleke mbio mahali popote, lakini ikuondolee hofu moja: hakuna fani utakayosomea ukarudi Pemba ukaambiwa umezidi.

Ila kabla hujajaza fomu yoyote uliza utakaporudi utafanyia kazi wapi na kwa chombo gani. Shahada ya uzamili ya tiba ni miaka mitatu, na kwa baadhi ya fani minne, iwe Muhimbili, Moshi, Mwanza au Dodoma. Wapasuaji wana njia nyingine ya chuo chao cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ambamo mtu hufundishwa akiwa kazini katika hospitali iliyoidhinishwa. Ukimaliza miaka yote hiyo ukarejea pahala pasipokuwa na mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji, nusu ya ulichosomea utakiweka kabatini pamoja na joho.

Mama wa Zamu

Binti yangu, nimekusoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka peke yangu pale uliposema hakuna aliyekuuliza. Na mimi hawakuniuliza. Mimi ni daktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake, na fani hii nilipewa kama mtu anavyopewa jina, kabla hajajua kusema.

Sitakudanganya kwamba haja haipo. Wapo wanawake, Pemba hasa, ambao wakisikia zamu ni ya daktari wa kiume hurudi nyumbani na maumivu yao, na wapo waume wanaowarejesha. Nimewapokea wakiwa wamechelewa kwa siku tatu kwa sababu hiyo. Kwa hiyo majirani zako hawana upuuzi, wanaomba kitu wanachokihitaji. Lakini haja ya watu ni jambo moja, na kukubebesha wewe haja hiyo kwa kuwa umevaa ushungi ni jambo la pili, na miaka mingi ilipita kabla sijaweza kuyatenganisha.

Nikueleze usiku mmoja ili ujue unachopewa. Saa nane aliletwa msichana wa mimba ya kwanza, anatetemeka mwili mzima, meno yameuma ulimi, shinikizo la damu liko juu mno. Kifafa cha mimba. Ndugu zake walikuwa wamempitisha kwanza kwa mtu wa kumsomea, wala sikuwalaumu, kwani aliyeona degedege kwa mara ya kwanza huona kitu kisicho cha dunia hii. Tulimpa magineziamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, kila saa tukawa tunampiga gotini kwa kinyundo, maana dawa hiyo ikizidi mwilini goti ndilo linalotangulia kunyamaza, kabla ya pumzi. Goti likirusha mguu, nashusha pumzi. Baada ya kutulia tukampeleka kumpasua. Nilirudi kwangu jua limechomoza, mama mkwe wangu amekwishawapeleka watoto skuli. Mwanangu wa mwisho alijua kusema "mama yuko zamu" kabla hajajua kutaja rangi.

Naipenda kazi yangu. Nayasema haya kwa sababu naipenda, na kwa sababu nimeijua kupenda baada ya kupewa, jambo ambalo si la kila mtu. Nilisoma na wenzangu wawili waliopewa kama mimi, na leo hawamshiki mjamzito hata kwa shari.

Sasa niingie katika mashaka yako ya walimu. Una haki ya kujishuku. Dawa yake ni nyepesi, ingawa ni chungu: nenda katika fani hiyo siku ambayo mwalimu wake ni mkali, au hana wakati na wewe, au amekuaibisha mbele ya wagonjwa. Ukirudi jioni umekasirika na bado unataka kujua yule mgonjwa wa kitanda cha sita ameamkaje, hapo kilichokushika ni kazi yenyewe. Mimi niliijua yangu chini ya mtu aliyekuwa hanijui jina kwa mwaka mzima.

Na juu ya ami yako. Hamu iliyotokana na msiba si mbaya, lakini haijasema yote, yafaa uihoji. Katika kisa kile, ulitamani usimame wapi? Kama ni chini ya mkarafuu na ndani ya ile gari, umlaze juu ya ubao, umfunge shingo, uzuie mgongo usipinde, basi hiyo ni tiba ya dharura, fani ambayo Muhimbili imeanza kuwasomesha mabingwa wake mwaka 2010 na ambayo wenzako wengi hawaikumbuki wanapotaja fani. Kama ni katika chumba cha upasuaji, basi jua kwamba mgongo unagombewa na watu wawili, wa mifupa na wa ubongo na mishipa ya fahamu, na kitengo cha upasuaji wa ubongo kipo hospitali ya Mnazi Mmoja hapo Unguja, kilichoanzishwa kwa msaada wa taasisi ya Kihispania, kwa hiyo huna haja ya kupanda boti kwenda kukiona. Na kama ulitamani kusimama pale barazani, katika miaka iliyofuata, umkinge na vidonda vya kulalia, mkojo wake utoke salama, mikono yake ipate nguvu ya kumhamisha kutoka mkekani hadi kwenye kiti, basi hiyo ni kazi nyingine kabisa, na pengine ndiyo aliyoikosa zaidi. Usinijibu mimi. Jijibu mwenyewe, tena usiwe na haraka.

Mtarajali Mchovu

Dada yangu, nami naongeza langu nikiwa kwenye kiti cha zamu. Nilipokuwa mwaka wa nne nilisoma ushauri mwingi wa intaneti, na karibu wote ulikuwa wa Marekani. Huko mwanafunzi wa mwaka wa mwisho huorodhesha programu anazozitaka, hospitali nazo huwaorodhesha wanafunzi, kisha kompyuta hulinganisha orodha hizo na majibu hutoka kwa wote kwa pamoja Ijumaa moja ya mwezi wa Machi. Mfumo huo ulianza mwaka 1952, na nadharia iliyo nyuma ya hesabu za namna hiyo ndiyo iliyowapatia Lloyd Shapley na Alvin Roth tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2012. Kwa hiyo ushauri wao wote unahusu alama, barua za walimu na namna ya kupanga orodha, na ingawa mtihani wao wa kwanza wa leseni umeacha kutoa alama tangu 2022 na kubaki na kufaulu au kufeli, mashindano yamehamia mtihani wa pili.

Nilijaza daftari zima kwa ushauri huo, kisha nikatambua kwamba sisi tunamaliza miaka mitano, tunafanya utarajali mwaka mmoja, tunatafuta ajira, ndipo tunaomba ruhusa ya kwenda kusoma. Kompyuta yetu ni meza ya afisa utumishi. Kwa hiyo huna haja ya kuchagua mwaka huu. Mimi nilichokuwa nikikitaka mwaka wa nne kilikuwa radiolojia, fani ya kusoma picha za eksirei na mfano wake, kwa sababu niliambiwa wanalala usiku. Sasa nimekaa miezi mitano wodini na nimegundua kwamba siku nisipozungumza na mgonjwa naumwa kichwa.

Tabibu Mstaafu, Chake

Mwanangu, wenzangu wamesema vizuri, lakini wote wamekuuliza unapenda nini. Zamani hatukuulizwa hivyo, na sina hakika kama tulipotea kwa kutoulizwa.

Mimi nilikuwa daktari msaidizi. Sikupata kuitwa bingwa hata siku moja. Nilipoanza kazi, wodi ya watoto wakati wa mvua ilijaa malaria mpaka watoto watatu wakalazwa kitanda kimoja, kichwa huku miguu kule. Leo watu wanaokutwa na vimelea vya malaria katika visiwa hivi ni chini ya asilimia moja, na hilo halikufanywa kwa kisu. Lilifanywa kwa vyandarua, kwa dawa ya kunyunyiza ukutani, kwa kipimo cha haraka na vidonge vilivyofika kila kituo, na kwa watu waliotembea nyumba hadi nyumba na daftari mkononi. Nenda Wawi, pale maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri, iliyopo tangu mwaka 2000, uone watu wanaoshughulika na kichocho na minyoo. Zamani mtoto aliyekojoa damu Pemba hakuona ajabu, aliona amekua. Afya ya jamii nayo ni fani. Hakuna aliyeitaja hapa mpaka nimekuja mimi, na hilo limenisikitisha kidogo.

La pili nitalisema bila kulizungusha. Madaktari kutoka jimbo la Jiangsu, China, wamekuwa wakija kwetu kwa zamu tangu mwaka 1964, na watu wa Mkoani wanawajua hata kwa mwendo. Nimefanya kazi na wengi wao, mikono yao ni ya dhahabu. Lakini huja, na muda wao ukifika huondoka, na mgonjwa aliyefanyiwa operesheni na huyu hurudi kliniki akamkuta yule. Visiwa vinahitaji mtu atakayekuwepo mgonjwa akirudi mwaka wa tano. Chagua fani yoyote unayoweza kukaa nayo hapa hapa, katika joto hili na kwa umeme huu. Kama ni fani itakayokufanya utamani kuondoka kila unapokosa chombo, basi hata ukiwa hodari vipi umetusomea bure.

Kabla ya hayo yote, fanya miaka miwili ya udaktari wa kawaida Micheweni au pahala kama hapo, uone kila kitu kinachoingia mlangoni. Ndipo uchague.

Mama wa Zamu

Mzee wangu, heshima yako ipo pale pale, na la afya ya jamii nakubali kosa. Ila la kusoma bure naomba nilipinge kwa adabu. Mtu aliyelazimishwa kukaa hukaa mwili tu. Nimewaona mabingwa wawili walioondoka, na hakuna hata mmoja aliyeondoka kwa kupenda Ulaya. Mmoja alichoka kuandika barua moja ya kuomba kifaa kile kile kwa miaka mitatu. Ningependa binti huyu aulize mapema nani atamjibu barua zake.

Miaka miwili ya Micheweni naiunga mkono kwa moyo wangu wote.

Binti wa Wete

Nawashukuru sana wakubwa zangu, na naomba radhi kwa kuchelewa kurudi. Nilitaka nirudi na kitu mkononi.

Nilifuata ushauri wa Mama wa Zamu nikaenda kliniki ya mifupa siku ya mwalimu mkali. Ni mkali kweli. Alinitoa mbele ya foleni nzima kwa kuishika filamu ya eksirei kinyume, na masikio yangu yalikuwa ya moto hadi adhuhuri. Lakini kulikuwa na mtoto wa miaka sita aliyekuja kukatwa plasta ya mkono, na alipouona msumeno unavuma alipiga yowe akamng'ang'ania baba yake shingoni. Yule yule aliyenifokea akauzima, akauwasha tena akaugusisha kwenye kiganja chake mwenyewe, akamwonesha mtoto kwamba hautoboi ngozi kwa kuwa hauzunguki, unatetemeka tu. Kisha akanitaka na mimi nitoe kiganja changu kijaribiwe, ili mtoto aone na mtu mwingine. Unawasha kama mchwa. Mtoto akanyoosha mkono. Chini ya plasta ngozi ilikuwa nyeupe, imekunjamana, na mtoto akainusa akakunja uso, sote tukacheka, hata mkali. Nilihesabu wagonjwa 31 siku ile na wa mwisho sikumchoka.

Hata hivyo, lile swali la kusimama wapi limenisumbua zaidi ya nilivyotaraji. Nilimpigia simu ami nikamuuliza anakumbuka nini cha siku ile. Mti haukumbuki wala hospitali haikumbuki. Anaikumbuka ile gari. Anasema alikuwa anazisikia hatua za kondakta juu ya bodi, na kila aliposema "mgongo" walimjibu "tunakaribia". Basi jibu langu limetoka kwake, na halilingani na raha niliyoiona kliniki, na sijui bado niyaunganishe vipi mambo hayo mawili. Mzee wa Chake, nimekusikia pia, na Wawi nitakwenda likizo hii inshaallah, ni karibu na kwa khalati yangu.

Kwa sasa nina wiki chache za mafunzo ya kuchagua mwenyewe, na nimeamua kuzitumia kwa usingizi, kwa kuwa naona mtu wa gari na mtu wa mifupa wote wawili wanahitaji kujua namna ya kuilinda pumzi. Mlinzi wa Pumzi, ukikubali nije kwenu, nije na nini, na ushungi wangu nifanye nao vipi ndani ya chumba cha upasuaji? Mwaka jana niliambiwa neno lisilopendeza mlangoni, sikutaka kuuliza tena.

Mlinzi wa Pumzi

Karibu sana, na pole kwa hilo la mlangoni. Njoo na ushungi wa pamba uliofuliwa, mwepesi, wa humo ndani tu, usiovaliwa njiani. Uufunge bila pini, ncha zake uziingize ndani ya shati, kisha uvae kofia ya chumba juu yake. Mikono itabidi iwe wazi kuanzia kiwikoni unapoosha, ila ukikaa nami kichwani kwa mgonjwa hutahitaji kuosha kama wapasuaji, na koti la mikono mirefu lipo. Lete soksi nzito, kwani kiyoyozi chetu hakina huruma na sisi hatutembei, tunasimama pahala pamoja saa tatu.

Chai kunywa nyumbani. Uwe umefika saa moja na nusu, maana saa mbili mgonjwa wa kwanza huwa amekwishalala, na nataka uzungumze naye kabla hajalala.